Naomba ushauri: napiga ala tano kwa kiwango cha kati, nataka kupita njia ya Mick Harvey. Nianzie wapi?

Kijana wa Ala Tano

Wakuu, heshima kwenu, na shikamoo kwa wanaostahili.

Gitaa napiga vizuri, besi vizuri, dramu naweza kushika wimbo hadi mwisho, kinanda cha kuungaunga, na melodika. Hakuna ala hata moja ambayo mtu akinisikia atageuka kuuliza "huyu nani?" Kwenye bendi nimekuwa tairi la spea: asiyekuja leo, nakaa kwenye kiti chake.

Kuna Mwaustralia, Mick Harvey, wa The Birthday Party na baadaye Nick Cave and the Bad Seeds. Mambo ya posti-panki hayo, yaani roki iliyokuja baada ya panki (panki ya muziki, siyo ile ya kinyozi). Huyu bwana amepiga karibu kila ala, amekuwa prodyuza, ametunga muziki wa filamu, na amezitia Kiingereza nyimbo za Mfaransa Serge Gainsbourg. Nataka kujua kwa vitendo kazi ya namna hiyo inajengwaje. Nisikilize nini? Nikae vipi kwenye bendi nisiwe spea? Nirekodi vipi peke yangu?

Vifaa: kadi ya sauti yenye matundu 4, maiki 2 za kondensa na 1 ya dainamiki, laptop ya kawaida, chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari ya jipsamu. Kuna jamaa ana filamu fupi ya dakika 12 anataka muziki, hela hana, ameahidi kuweka jina langu mwishoni. Na kuna wimbo wa Kifaransa nimeanza kuutia Kiswahili, unanigomea.

Nawasilisha.

Chai Kavu

Nimeshika siti ya mbele. Wataalamu njooni.

Mzee wa Kaseti

Kijana, neno "spea" lifute kwanza, kwa sababu ukimfuatilia Harvey kiti kwa kiti utaona spea ndiyo iliyobeba gari.

Amezaliwa 1958 Rochester, jimbo la Victoria. Bendi ilianzia shuleni, Caulfield Grammar, Melbourne, yeye na Nick Cave na Phill Calvert. Baadaye akaja Tracy Pew kwenye besi. Walijiita The Boys Next Door. Hapo Harvey ni mpiga gitaa. Mwaka 1978 anaingia Rowland S. Howard na gitaa lenye makelele ya aina yake, la kukwaruza na kupiga yowe. Mtu mwingine angeanza kushindana naye. Harvey akashuka chini: gitaa la kushikilia wimbo, ogani pale inapohitajika. Albamu ya kwanza ikatoka 1979, mwaka uliofuata wakahamia London na kujiita The Birthday Party.

Mwaka 1982 Calvert anatoka. Hawakutafuta mpiga dramu mwingine. Harvey aliacha gitaa, akakaa kwenye dramu, bendi ya watu watano ikawa ya wanne. Wakahamia Berlin Magharibi, na EP mbili (rekodi fupi kuliko albamu) za 1983 zimerekodiwa akiwa kwenye dramu.

Bendi ikavunjika mwaka huohuo, Bad Seeds ikaanza, albamu ya kwanza ikatoka 1984, Harvey bado yuko kwenye dramu. Ile ya 1985 ni watu wanne tu: Cave, Blixa Bargeld, Barry Adamson na yeye. Akaja Thomas Wydler, mpiga dramu hasa, Harvey akainuka. Adamson wa besi akaondoka 1986, Harvey akashika besi. Martyn P. Casey akaja 1990 kushika besi, Harvey akarudi kwenye gitaa, ogani na vibrafoni (ala ya vibao vya chuma). Aliondoka Januari 2009, baada ya miaka 25.

Hesabu hapo: gitaa, dramu, besi, gitaa tena. Kila alipohama, palikuwa na pengo ambalo bila kuzibwa bendi ingesimama.

Kazi ya nyumbani ni hii. Sikiliza Prayers on Fire ya 1981, halafu EP inayoitwa The Bad Seed ya 1983. Ni bendi ileile, ila dramu za 1983 ni chache, nzito, na kuna sehemu zinanyamaza kabisa. Chagua wimbo mmoja kwenye kila rekodi. Chora jedwali kwenye karatasi ya mraba: mistari ni ala, safu ni baa (mafungu ya mapigo) nne nne. Pale ala inapopiga tia alama, pale inaponyamaza acha wazi. Sikiliza mara moja kwa kila ala, usijaribu kuzishika zote kwa mpigo. Ukimaliza usitazame alama, tazama matundu. Ukifanya nyimbo kumi hivyo, utaanza kusikia matundu hata kwenye mazoezi ya bendi yenu.

Tomu Kubwa

Mzee kamaliza upande wa historia. Niongeze kuhusu dramu, kwa sababu ndiko mpiga gitaa anakoumbuka.

Kwa muziki huu toa matoazi yote isipokuwa haihati. Baki na kiki, snea, na tomu ya chini. Sababu ni ya kisauti: toazi kubwa likigongwa linajaza eneo lote la juu, kuanzia elfu tatu na kitu Hz kwenda juu, kwa sekunde kadhaa. Gitaa la kukwaruza linaishi hapohapo. Ukigonga toazi kila baada ya baa nne, gitaa linazama, mpiga gitaa anaongeza sauti, nawe unapiga kwa nguvu zaidi, na usiku unaisha watu wameziba masikio. Mahali ambapo mkono unataka kugonga toazi, gonga tomu ya chini pamoja na kiki.

Kuikaza tomu: legeza skrubu zote hadi ziwe huru, kaza kwa vidole mpaka zigome, kisha ufunguo robo mzunguko kwa kila skrubu, ukienda ya mkabala kwa ya mkabala. Usizunguke kama saa, ngozi itavutwa upande mmoja na tomu itatoa sauti mbilimbili zinazopishana. Gonga inchi mbili kutoka kila skrubu. Isiyolingana na wenzake irekebishe kidogo kidogo. Ngozi ya chini ikaze itoe sauti nyembamba kidogo kuliko ngozi ya juu. Ikivuma kupita kiasi, kunja kipande cha kanga ukubwa wa kiganja, kibandike ukingoni kwa utepe wa gundi. Kipande kimoja. Ukiweka vitatu unapiga boksi.

Halafu zoezi: dakika nne, mdundo mmoja, bila kubadilisha hata kidogo, bila mbwembwe hata moja. Jirekodi. Kawaida tatizo linatokea dakika ya pili: mkono unachoka na chakula kile kile, unaanza kutia vikorombwezo, na kila kikorombwezo kinakuja na kukimbia kidogo. Mpaka uweze dakika nne kavu, usidai kwamba unapiga dramu za posti-panki.

Kijana wa Ala Tano

Mkuu Tomu, dakika nne nimejaribu sasa hivi mezani kwa vidole, nimefika mbili na nusu. Naendelea kusoma.

NyuziSita

Napingana kidogo na wenzangu. Kumwambia kijana "ziba pengo" bila kumwambia achague ala ya kuajiriwa ni kumpoteza. Hakuna anayepiga simu akisema "nahitaji mtu wa kila kitu". Wanaitafuta besi, au kinanda. Ukishaingia ndani ndipo wanagundua una mengine.

Kwako wewe iwe besi. Katika posti-panki besi ndiyo inayobeba wimbo mara nyingi. Gitaa linatia rangi tu. Msikilize Barry Adamson alipokuwa Magazine, bendi ya Manchester, kwenye albamu yao ya 1978: mstari wa besi unaweza kuuimba peke yake bila gitaa. Hicho ndicho kipimo. Kama mstari wako wa besi hauimbiki, bado ni wa kusindikiza tu. Piga kwa plekta, karibu na brigi, toa kidogo sauti ya chini kwenye ampu na uongeze ya kati, eneo la 700 hadi 1,000 Hz. Ukiacha chini nyingi, kiki ya Tomu Kubwa hapo juu na besi yako zitagombania shimo moja na hakuna atakayesikika.

Ukishashika besi, kinanda chako cha kuungaunga kinatosha kabisa kwa kazi ya aina hii, mradi usipige kodi kamili (noti tatu au zaidi kwa mpigo). Noti mbili tu za ogani, ya kwanza na ya tano, au ya tano na ya saba, uzishikilie baa nane. Ile ya tatu, inayosema wimbo ni wa furaha au wa huzuni, mwachie mwimbaji. Mpiga kinanda anayejifunza huwa anajaza vidole vyote kumi halafu anashangaa kwa nini mwimbaji anapotea.

Jambo la pili ambalo halisemwi sana: Harvey hakuwa mpigaji tu, alikuwa mpangaji. Kwa miaka mingi ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya uendeshaji wa shughuli za Bad Seeds. Nani anaingia studio lini, wimbo upi umekamilika, upi unahitaji nyuzi za fidla. Mtu akiwa hivyo, kuitwa prodyuza ni suala la muda. Mwaka 1990 alimzalishia mwimbaji Robert Forster albamu yake ya kwanza ya peke yake, kule studio ya Hansa, Berlin. Akafanya kazi na mwimbaji Anita Lane. Kwa mwimbaji PJ Harvey (si ndugu, majina tu yamegongana) ni mmoja wa maprodyuza wanne wa albamu ya Let England Shake, iliyorekodiwa kanisani huko Dorset, Uingereza, na kushinda tuzo ya Mercury Prize 2011. Humo amepiga dramu, ogani, piano na vingine.

Kwa hiyo anza na daftari. Kila wimbo wa bendi yenu ukurasa mmoja: ufunguo, kasi kwa mapigo ya dakika, mpangilio wa baa, nani anaanza, nani ananyamaza wapi, na tarehe ya toleo hilo. Mkibadilisha, usifute, andika chini yake. Baada ya miezi miwili daftari hilo litakuwa linaulizwa kuliko mwimbaji.

Mzee wa Kaseti

NyuziSita, nakubali kuhusu kuajiriwa. Ila angalia usimfanye mtoto aache dramu. Harvey asingekaa kwenye kile kiti cha 1982 kama hakuwa ameshika vijiti kabla.

NyuziSita

Sijasema aache mzee wangu. Nimesema apigiwe simu kwa besi.

FundiMaiki

Nije kwenye chumba, maana maiki tatu na matundu manne yanatosha ukiyatumia kwa akili.

Dari ya jipsamu ndiyo adui wako wa kwanza. Chukulia dari iko mita 2.7, snea iko sentimita 65 kutoka sakafuni, maiki umeiweka mita 1 juu ya snea. Sauti inaifikia maiki moja kwa moja kwa mita 1. Nyingine inapanda hadi darini na kurudi, safari ya mita 3 na kidogo. Inachelewa kama milisekunde 6. Hizo mbili zikichanganyika, baadhi ya masafa yanafutana, na dramu zinasikika kama ziko ndani ya pipa. Dawa ni kufunga godoro la sponji au mablanketi mazito mawili yaliyokunjwa darini, juu ya dramu, yakiwa yameachia nafasi ya kiganja kutoka kwenye jipsamu. Usifunge kwenye jipsamu yenyewe, itabomoka ikuangukie. Tafuta mbao zinazoishikilia.

Maiki: kondensa ya kwanza mita 1 juu ya snea, ikitazama chini. Ya pili iweke upande wa tomu ya chini, juu ya ukingo wake kidogo, ikitazama snea. Sasa chukua kamba. Shika ncha moja katikati ya snea, ivute mpaka kwenye kapsuli ya maiki ya kwanza, funga fundo hapo. Ncha ibaki palepale katikati ya snea, peleka fundo kwenye maiki ya pili. Lisipofika, isogeze maiki. Umbali ukilingana, snea inafika kwa pamoja kwenye zote mbili na inakuwa nzito. Ukikosea sentimita 15 tu, snea inakuwa nyembamba kama kopo na utapoteza siku nzima ukitafuta ubaya kwenye programu. Dainamiki nenda nayo kwenye kiki, sentimita 10 mbele ya ngozi. Kisha kwenye programu geuza polariti ya traki ya kiki: sikiliza kabla na baada, chagua upande wenye besi nyingi.

Rekodi kwa biti 24, 48 kHz, kwa kuwa filamu inataka 48 na hutaki kubadilisha baadaye. Vilele vikomee kwenye desibeli -12 hivi. Hakuna tuzo ya kukaribia sifuri.

Bafa (kipande cha sauti ambacho laptop inakishikilia kabla ya kukitoa): unapopiga weka sampuli 128. Kwa 48 kHz hiyo ni chini kidogo ya milisekunde 3 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, sikio halilalamiki. Unapochanganya panda hadi 1,024 ili laptop ipumue. Wengi wanasahau kurudisha, wanapiga besi wakiwa na ucheleweshaji wa milisekunde 40, halafu wanadhani wamesahau kupiga.

Utaratibu: gitaa la mwongozo na sauti ya kunong'ona kwanza, vya kutupa. Kisha dramu. Kisha besi, ukisikiliza dramu peke yake, mwongozo umezimwa. Halafu mengine.

Tatizo kubwa la mtu mmoja kupiga kila kitu ni moja: mkono wako una tabia yake. Kama unakimbia kidogo kuingia kwenye kiitikio, utakimbia kwa dramu, kwa besi na kwa gitaa, na kiitikio kizima kitadondoka mbele. Bendi ya watu wanne wanavutana, mmoja anachelewa, mwingine anawahi, na huo mvutano ndio unaoleta uhai. Kwa mtu mmoja hakuna. Kwa hiyo usirekodi ala mbili siku moja. Ukirudi kesho una mwili mwingine. Na besi ipige umesimama, kwa kuwa dramu ulipiga umekaa.

Kijana wa Ala Tano

FundiMaiki, asante sana kwa kamba. Je, nitumie kliki (mlio wa kuhesabu mapigo) au nisitumie?

FundiMaiki

Kwa wimbo wa filamu tumia, picha haikusubiri. Kwa wimbo wa kawaida rekodi mwongozo wako bila kliki, pima kasi baa nane nane. Tofauti kati ya beti na kiitikio ikiwa mapigo 2 au 3, iache, huo ni wimbo unapumua. Ikizidi 6, rudi kwenye zile dakika nne za Tomu.

Bi Kinanda

Habari zenu. Suala la filamu naona limepitiwa juujuu, na ndilo lenye mtego.

Kwanza Harvey hakuanza filamu peke yake. Mwaka 1988 alifanya muziki wa filamu ya gerezani ya John Hillcoat, Ghosts… of the Civil Dead, pamoja na Cave na Bargeld. Watatu haohao wakarudi kwa Hillcoat 1996. Ya Chopper, 2000, jina lake ndilo lililoko kwenye muziki. Ukimsikiliza kwenye kazi hizo, noti ni chache mno kuliko unavyotegemea: mlio mmoja mrefu, vibrafoni, gitaa moja. Kuna sababu ya kiufundi. Maneno ya binadamu yamekaa zaidi kati ya 300 na 3,000 Hz. Melodi ya piano katikati ya kibodi inaingia humohumo, na mchanganya sauti wa filamu hatahangaika. Atauteremsha muziki wako mpaka usisikike. Chini ya mazungumzo weka kitu kirefu cha chini ya 200 Hz, au vitone vya juu, na katikati paache patupu. Melodi yako ihifadhi kwa pale wanaponyamaza.

Sasa kwa dakika zako 12. Kaa na mwongozaji mwitazame filamu mara mbili. Ya kwanza msiongee. Ya pili msimamishe kila anaposema "hapa", uandike: muziki unaingia saa ngapi ya picha, unatoka saa ngapi, unafanya nini. Kwa filamu ya dakika 12, muziki wa dakika 4 hadi 5 jumla unatosha. Akitaka 10 mwombe akuoneshe ni tukio gani analoliogopa.

Muulize picha ina fremu ngapi kwa sekunde, na kama imefungwa, yaani hakati tena. Ukianza kabla haijafungwa, akikata sekunde 3 katikati vipande vyote vinavyofuata vinahama. Ikiwa fremu ni 25, kasi zinazoangukia fremu kamili zinakurahisishia maisha: mapigo 60 kwa dakika, kila pigo fremu 25; mapigo 75, fremu 20; mapigo 100, fremu 15; mapigo 125, fremu 12. Mfano: mlango unafungwa sekunde ya 32 tangu kipande kianze. Kwa kasi ya 75, sekunde 32 ni mapigo 40 kamili, yaani baa 10 za mapigo manne manne. Mlango unafungwa juu ya pigo la kwanza la baa ya 11. Kwa kasi ya 80 unapata mapigo 42 na theluthi mbili, mlango unafungwa hewani. Piga hesabu ya kasi kabla ya kutafuta noti.

Na hili limewaumiza wengi: ukitunga kwa picha ya 25, halafu nakala ya mwisho ikachezwa kwa 24, kila dakika 1 ya picha inakuwa dakika 1 na sekunde 2.5. Mwishoni mwa kipande cha dakika 3 umeachana na picha kwa sekunde 7.5. Haliponyeki kwa kusogeza.

Unapokabidhi, usitoe faili moja. Toa makundi: midundo, besi na milio ya chini, vinanda, gitaa, na mchanganyiko kamili. Yote yaanze sehemu moja hata kama gitaa linaingia dakika ya pili, na jina la faili libebe namba ya kipande na saa ya picha. Ukisahau hilo, atakayeyapanga atayapanga anavyojua yeye.

Chai Kavu

Dada Bi Kinanda, na asiye na mwongozaji afanye nini? Wengine hata huyo wa bure hatuna.

Bi Kinanda

Afanye alivyofanya Barry Adamson. Mwaka 1989 alitoa Moss Side Story, muziki wa filamu ambayo haipo. Aliutunga kama filamu kamili, na milango ya filamu halisi ikafunguka: muziki wake umo kwenye Lost Highway ya David Lynch, 1997. Andika matukio sita kwenye karatasi, kila moja mistari mitatu na urefu wake kwa sekunde, halafu tunga ukiheshimu sekunde hizo. Ukijipa uhuru wa kurefusha umetunga nyimbo tu.

Karani wa Mirabaha

Naingia kwenye karatasi, naomba mnivumilie.

"Hela hana, ameahidi jina." Sawa, bure inaruhusiwa, lakini bure ya nini? Muziki una mali mbili: utunzi, na rekodi. Mpe ruhusa ya kutumia rekodi hiyo kwenye filamu hiyo, na utunzi ubaki wako. Karatasi moja inatosha: jina la filamu, majina ya vipande na urefu wake, ruhusa si ya kipekee, haihusu matangazo ya biashara, filamu ikiuzwa kwa televisheni au mtandao wa kulipia mnakaa upya. Saini mbili, tarehe. Usiandike "nampa haki zote". Maneno hayo matatu yanabeba hata wimbo utakaotaka kuuweka kwenye albamu yako baada ya miaka kumi.

Pia jaza orodha ya vipande: jina la kipande, sekunde, mtunzi, asilimia, kama kinasikika nyuma ya picha au kinapigwa ndani ya tukio, redioni kwa mfano. Sajili utunzi kwenye shirika la hakimiliki la nchi yako kabla filamu haijaoneshwa. Stesheni ikirusha filamu, mirabaha ya kurushwa hugawanywa kwa kufuata orodha hiyo. Isipokuwepo, pesa inakaa bila mwenyewe.

Kwenye bendi, ninyi wapiga ala nyingi ndio mnaoumia zaidi. Kupanga wimbo, kubuni mstari wa besi, kuamua pa kunyamaza, kwa kawaida hakukupi sehemu ya utunzi kwa jina tu. Mwenye maneno na melodi anasajiliwa, mpangaji anabaki na malipo ya siku. Mkikamilisha wimbo, kabla ya kufunga vyombo, andikeni asilimia kwenye ukurasa uleule wa daftari la NyuziSita na kila mtu aweke saini. Baada ya wimbo kupendwa hakuna atakayekumbuka besi ilitoka kwa nani.

Na tafsiri: kupiga wimbo wa mtu kama ulivyo ni jambo moja, kuubadilisha lugha ni jingine. Tafsiri ni haki ya mwenye wimbo, inahitaji ruhusa ya mchapishaji wake kabla ya kutoa. Tuma maneno yako ya Kiswahili pamoja na maelezo ya maana yake mstari kwa mstari kwa Kifaransa au Kiingereza. Mara nyingi mtafsiri anapewa sehemu ndogo au hapewi kabisa. Soma kabla ya kusaini. Unaruhusiwa kujifunzia chumbani bila kumwandikia mtu.

Mzee wa Kaseti

Kuhusu wimbo unaogoma, kijana, nadhani najua unapogomea. Harvey ametoa albamu nne za Gainsbourg: 1995, 1997, 2016 na 2017. Kiingereza kilimsaidia kwa sababu kina maneno mengi ya silabi moja ya kumalizia mstari. Wewe huna. Kifaransa kinaweka mkazo mwishoni mwa fungu la maneno, Kiswahili kinaweka silabi ya pili kutoka mwisho. Melodi ya Mfaransa inamalizia kwa noti ndefu juu ya pigo zito. Ukiweka "mapenzi" hapo, noti ndefu inaangukia "nzi", na msikilizaji anasikia mdudu.

Hamisha hivi: "pe" ikae juu ya noti ndefu, "nzi" uipe noti fupi inayoning'inia baada yake, nusu pigo, chini sauti moja. Ili "pe" ifike hapo, mstari uanze noti moja mapema. Ukifanya hivyo mstari wa kwanza, fanya kote, isije ikaonekana kosa.

Urefu nao: silabi mbili za Kifaransa zinakuwa nne kwetu, "nakupenda". Usijaribu kutafsiri kila neno. Punguza "ninakupenda" iwe "nakupenda", "ambaye anakuja" iwe "ajaye", na pale noti zinapozidi kuwa chache, tupa kivumishi. Pigo likiomba silabi moja ngumu mwishoni tumia "tu", ila si zaidi ya mara mbili kwa wimbo.

Kijana wa Ala Tano

Wakuu sina la kuongeza. "Mdudu" ndiyo hasa lilikuwa tatizo, mstari wa tatu na wa saba. Daftari nimenunua. Wiki hii nafanya jedwali la nyimbo mbili, godoro darini, na dakika nne kila jioni. Jamaa wa filamu nakutana naye Jumamosi, nitakwenda na karatasi ya Karani.

Bi Kinanda

Kabla ya Jumamosi mtumie ujumbe umuulize fremu ngapi. Akijibu "za kawaida tu", mwambie akutumie faili yenyewe uitazame mwenyewe.